Kuonja Waya

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, doti mbili za kitenge na maneno mengi mazuri, na mmoja wenu akaniomba niandike mambo ya kazi yasije yakapotea. Saa imeshasimama. Vitenge nimeshashona. Mambo ya kazi ndiyo haya, na msitarajie nizungumzie vyeo wala mishahara, maana vyeo walipewa wengine na mishahara mnaijua wenyewe.

Kwa atakayezikuta karatasi hizi bila kunijua: mimi ni Mwajuma, fundi wa mtandao, mzaliwa wa Ilala. Kariakoo waliniita Mama Waya hata kabla sijawa mama wa mtu. Nilianza kazi simu zikiwa bado za mezani, zenye waya wa shaba kutoka nguzoni hadi ukutani kwa mteja, na nimestaafu faiba, waya mwembamba wa kioo, ikiwa imeingia hadi kwenye vibanda vya kuuza chaja. Katikati hapo nimepanda ngazi, nimetambaa juu ya dari za watu, na nimekutana na panya ambao nina hakika walinifahamu kwa sura.

Siku ya kwanza nilifika kazini na sketi. Barua haikusema nivae nini, na mama yangu alisema watu wa ofisini huvaa sketi. Mkuu wa kituo alinitazama, kisha akamtazama mwanamume aliyekuwa amekaa juu ya roli la waya anakunywa kahawa, akasema, "Abeid, huyu wako."

Abeid akaniangalia kuanzia chini kwenda juu. "Dada, hiyo sketi utapandia nguzo au utafungia waya?" Akacheka peke yake, kwa raha zake. Kesho yake aliniletea suruali ya kazi ya mdogo wake, imefuliwa na kupigwa pasi, akaniambia nisimrudishie. Niliivaa mpaka ikatoboka magoti.

Abeid alitoka katika familia ya Kiarabu yenye maduka ya vitambaa pale Msimbazi tangu enzi za babu zake. Alitakiwa akae kaunta na futi ya kupimia shingoni kama kaka zake. Akakataa. Baba yake alisema hajapata kuona mtoto wa watu anayeacha kiti chenye mto akapanda nguzo kama mwizi wa nazi, na kwa muda mrefu walisalimiana tu siku za Idi. Abeid alikuwa anaisimulia habari hiyo kwa kila mteja, kwa sababu Abeid alisimulia kila kitu kwa kila mtu. Aliongea na mimi, akaongea na wateja, na wateja wakiondoka aliongea na waya. "Wewe nawe," aliuambia, "umetokea wapi, na unakwenda kwa nani?"

Swali hilo ndilo lililokuwa fundisho lake la kwanza. Usikate waya kabla hujajua ni wa nani. Kule kwenye visanduku vya ngazini, nyaya zote zina rangi moja, nayo ni rangi ya vumbi. Ukikata mmoja kwa sababu unakuzuia, huenda umemkatia simu mama anayesubiri habari za mgonjwa wake. Abeid alikuwa mtu wa mzaha katika mambo yote isipokuwa hilo. Nilimwona akikaa nusu ya siku nzima kutafuta mwenye waya mmoja, na alipompata, mwenyewe alisema alishaacha kutumia simu hiyo zamani.

Fundisho la pili lilikuwa kuuliza kabla ya kufungua begi. Hili bado ninyi hamlifanyi, nimewaona. Mnaingia dukani, hamsalimii vizuri, mnakimbilia ruta. Msimuulize mteja mtandao umekatika lini, maana atawaambia "muda mrefu sana," hata kama ni tangu asubuhi. Muulizeni jana nani alipaka rangi, nani alihamisha kabati, nani alifagia nyuma ya meza. Nusu ya kazi zangu zote Kariakoo zilikuwa plagi iliyochomolewa na mtu aliyetaka kuchaji simu. Na mkishajua hivyo, msimcheke mteja. Chomekeni, subirini taa ziwake, muageni kwa heshima.

Fundisho la tatu ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Mafundi wa simu wa zamani walikuwa na desturi tuliyoiita kuonja. Ili kujua laini ipi ina uhai, ilikupasa kuunganisha simu ya majaribio na kusikiliza. Lakini kituo kizima kilikuwa na simu ya majaribio moja, na siku zote ilikuwa kwa mtu mwingine. Basi fundi alichuna ncha mbili za waya kwa meno, akazigusisha kwenye ulimi. Umeme wa simu ni mdogo. Ukiwepo, ulimi unawasha na mdomo unajaa ladha ya sarafu. Usipokuwepo, unaonja shaba na uchafu wa ukutani, basi. Balaa lilikuwa pale mtu anapopiga simu wakati wewe unaonja, maana simu ikiita umeme huongezeka. Hapo ulirushwa nyuma, ukatukana, na wenzako wakacheka mpaka wakakaa chini.

Abeid alikuwa bingwa wa kuonja. Alijisifu kwamba anaweza kujua kwa ulimi laini iliyoingia maji na laini nzima. Sikuwahi kumwamini, ila pia sikuwahi kumkuta amekosea. Mimi nilionja mwaka wangu wa kwanza nikaacha, kwa sababu ya kichefuchefu, si kwa akili. Baadaye nilijinunulia mita ya kupimia nikawa natembea nayo. Abeid aliitazama kwa huruma. "Mita yako inataka betri," alisema. "Ulimi wangu unataka kahawa tu."

Miaka ikaenda. Simu za mezani zikafa moja moja, ikaja intaneti kupitia waya uleule, kisha ikaja faiba. Maduka ya Kariakoo yakaanza kutegemea mtandao kwa kila kitu, kuanzia mashine ya risiti mpaka kamera ya mlangoni. Mtandao ukikatika, mwenye duka hawezi kutoa risiti, na mteja aliyetoka mkoani kuja kununua mzigo hasubiri, anahamia duka la jirani. Kwa hiyo tulikimbizwa. Hatukupewa muda wa kuondoa nyaya za zamani. Wakubwa walisema waya wa shaba uliokufa uachwe hukohuko ukutani, tusipoteze muda.

Sasa nyie mnaijua Kariakoo. Kitu gani pale kinaachwa bure? Waya uliokufa ulifungiwa maturubai ya wamachinga, ukaanikiwa nguo, ukaenda Mchikichini kukaza marobota ya mitumba. Niliwahi kuona mtu amefungia mlango wa choo kwa waya wetu, tena kwa fundo zuri. Tulipita tukacheka. Hatukufikiri kwamba kuna watu wanaweza kuutumia waya kwa kazi ya waya.

Nitakayoyasimulia sasa hayakutokea mwishoni mwa kazi yangu. Baada yake nilifanya kazi miaka mingine, nikawafundisha baadhi yenu. Nimeyaweka mwisho kwa sababu nikishayaandika sitakuwa na hamu ya kuandika mengine.

Bi Salha, muuza madera na mitandio, alikuwa na stoo ghorofa ya pili katika jengo moja upande wa Msimbazi. Mtandao wake ulikufa asubuhi ya siku yenye biashara kubwa. Tukaenda mimi na Abeid. Jengo lile lilikuwa na ngazi nyembamba, na madirisha yake yote yalishazibwa na ukuta wa jengo jipya lililopandishwa pembeni, kiasi kwamba hata saa sita mchana unahitaji taa. Mlangoni tulimkuta mlinzi, Mzee Nassoro.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kwa Bi Salha? Ana hasira huyo leo."

Faiba ya Bi Salha ilikuwa imebanwa na mlango wa chuma ikakatika. Ilibidi tupitishe nyingine ndani ya bomba la ukutani, na bomba lile lilikuwa na waya wa shaba wa zamani. Mnajua tunavyofanya: unafunga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, unavuta wa zamani kwa juu, mpya unafuata ndani ya bomba. Ila kwanza ujue kama wa zamani umekufa kweli. Abeid alisimama mbele ya kisanduku cha ngazini, mimi niko ngazi chache chini yake nakunjua faiba. Alikuwa anaongea. Alikuwa anamsimulia Bi Salha, aliyesimama mlangoni kwake, habari za baba yake na mwizi wa nazi.

"Ngoja niangalie huu kama una mwenyewe," akasema. "Usije ukawa wa mama wa watu."

Mita ilikuwa kwenye begi langu. Nilimsikia akichuna waya kwa meno.

Kisha akanyamaza.

Ndivyo nilivyojua. Sikusikia mlio, sikuona cheche. Nilisikia tu kwamba Abeid ameacha kuongea katikati ya habari. Nikainua macho nikamwona amesimama wima, vidole vimekamata waya mdomoni, mwili mzima unatetemeka kidogo kidogo. Bi Salha alikuwa bado anatabasamu akisubiri amalizie.

Nilimpigia Bi Salha ukelele asimguse. Nikachukua benchi la mbao lililokuwa kwenye korido nikampiga nalo mkononi kwa nguvu zangu zote. Mkono ukaachia, akaanguka. Nilimkandamiza kifua kama tulivyofundishwa kwenye semina, ile semina ambayo wote tulihudhuria kwa ajili ya chakula cha mchana. Watu walijaa ngazini kutoka juu na chini. Nikawa napiga kelele huku nakandamiza: "Waya wa nani huu? Umeme unatoka wapi? Uzimeni!"

"Si wetu, dada. Sisi umeme tunanunua."

"Si wangu."

"Mimi mpangaji mpya, sijui chochote."

Kila mmoja alikuwa anaogopa kesi ya kuiba umeme. Niliwaelewa hata pale pale, na niliwachukia.

Tukamshusha. Barabarani hakuna gari lililoweza kuingia. Meza za wamachinga zilikuwa zimekutana katikati. Mbeba mizigo mmoja akamwaga magunia yake chini bila kuombwa, tukamlaza Abeid juu ya mkokoteni. Mimi nikawa natangulia nikiita, "Mgonjwa! Mgonjwa jamani, tupisheni!" Watu hawakupisha. Walisogea kuangalia. Kila nilivyoita mgonjwa ndivyo duara lilivyozidi kubana, simu zimeinuliwa, mtu anauliza mwenzake kagongwa au kapigwa. Yule mwenye mkokoteni akaniambia, "Mama, nyamaza, niachie mimi." Akavuta pumzi akapaza sauti yake ya kila siku: "Mzigooo! Mzigo huo! Utavunjwa mguu!"

Njia ikafunguka. Kariakoo nzima ilipisha bila kugeuka. Tulipita hivyo mpaka tulipotokea upande wa Mnazi Mmoja tukapata gari, yeye anaita mzigo, mimi nimeshika kichwa cha Abeid kisigonge mbao. Hospitali walimpokea, wakavuta pazia, na baada ya muda mfupi akatoka daktari akaniuliza kama mimi ni mke wake. Nikasema mimi ni fundi mwenzake. Akaniambia nimwite mke wake.

Nilimpenda Abeid kama kaka yangu wa tumbo moja. Sijui namna ya kuiandika siku hiyo bila kulisema hilo, kwa hiyo nimelisema.

Kesho yake tulikuwa msibani kwao Msimbazi, wanawake ndani, wanaume barazani. Baba yake, mzee sana sasa, alikuwa amekaa na kofia ya kazi ya Abeid mapajani, ile ngumu ya plastiki, na hakuna aliyethubutu kuichukua. Bi Salha aliingia, akatoa pole, akaja kukaa karibu yangu. Akaninong'oneza: "Mwajuma, ule waya bado una moto. Kila mtu anasema si wake, hakuna aliyezima. Nimeufunika kwa boksi la madera. Watoto wa madrasa wanapita pale wakitoka chuo."

Wanawake hatuendi makaburini. Wanaume walipoinua jeneza na sauti za shahada zikaanza kutoka nje ya uchochoro, mimi nilivaa viatu nikachukua begi langu. Mtu akanishika mkono akaniuliza naenda wapi wakati maiti haijafika kaburini. Nikamwambia naenda kazini. Najua alinifikiriaje.

Nilienda na hasira, niwaambie ukweli. Nilitaka kumpata mtu wa kumchukia, mwenye sura na jina. Nilianza kwenye kisanduku, na mita, nikaufuata waya. Kwa juu ulitoka kwenye bomba ukapanda pembeni ya ngazi, umebanwa kwa misumari midogo, umepakwa rangi ya ukuta. Ukaishia kwenye taa. Ulikuwa na taa tatu, moja kila kona ya ngazi, balbu ndogo za bei rahisi. Nilipita chini ya taa hizo siku nyingi na sikujiuliza zinapata wapi umeme. Abeid naye hakujiuliza, yeye aliyeuliza kila waya umetokea wapi.

Kwa chini uliteremka hadi mlangoni, ukapita nyuma ya godoro la mlinzi. Mwisho wake ulikuwa umechomekwa kwenye soketi bila plagi, ncha tupu, zimekazwa kwa njiti za kiberiti.

Mzee Nassoro alikuwa amekaa palepale. Hata hivyo nilimwamkia. Akaitikia kwa sauti ndogo.

"Mzee, huu ni wa nani?"

"Ni wangu, binti yangu." Hakunitazama. "Bi Tatu wa juu alianguka pale kwenye kona, akavunjika nyonga. Mwenye nyumba tumemwambia taa, taa, hasikii. Nikaona waya umelala bure. Balbu nilinunua mwenyewe."

"Jana nilipokuwa nauliza, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyuma yako."

"Ukasema nini?"

"Nilisema si wangu. Nilisikia wenzangu wanasema, na mimi nikasema." Akaanza kulia, akajifuta kwa kofia. "Utanitaja?"

"Nitakutaja."

"Haya," akasema. "Ndiyo haki ya marehemu."

Nilimtaja, na yaliyompata yalimpata. Nimemwombea dua kuliko watu wengi, na bado naona nilifanya sawa. Ofisi nayo ilibandika tangazo kwamba kuonja waya ni marufuku. Kabla ya hapo hakuna mkubwa aliyewahi kukiri kwamba anaijua desturi hiyo, ingawa nusu yao walikuwa wameonja wenyewe ujanani. Basi nawaambia mimi, bila tangazo: hakuna waya uliokufa Kariakoo. Kuna waya ambao hujajua nani anautumia. Pimeni kwa mita, hata kama mnachekwa, hata kama mteja ana haraka. Na mkiondoa huduma, ondoeni na waya wake, wote, mpaka msumari wa mwisho, hata wakubwa wakisema mnapoteza muda.

Siku ile nilichomoa njiti za kiberiti kwa koleo, moja baada ya nyingine. Taa tatu zikazimika kwa pamoja, na ngazi yote ikawa giza ingawa nje kulikuwa mchana. Nikaanza kuukata waya vipandevipande ili asije mtu akaurudisha. Mzee Nassoro alinisaidia kuukunja.

Nikasikia mlango unafunguliwa juu kabisa, na mkongojo unagonga sakafu.

"Nani huyo kazima taa?" Ilikuwa sauti ya Bi Tatu. Hatoki chumbani kwake ila kwa shida, na masikio yake ni mazito.

"Mimi, bibi," nikajibu kwa sauti kubwa. "Fundi."

"Fundi gani huyo anayezima? Mnataka niivunje na hii nyingine?" Akakohoa kidogo. "Niitieni Abeid. Yule mtoto akija hapa hapiti bila kupanda kunisalimu. Mwambieni aje awashe."

Mzee Nassoro akainama akajishika kichwa. Nilingoja, nikidhani labda atajibu yeye.

"Umesikia wewe?" Bi Tatu akaita. "Mwambie namngoja hapa mlangoni."

Niliweka koleo chini, nikashika ukuta, nikaanza kupanda gizani kwenda kumwambia.